Shuka za Mama Nilizifua Mwenyewe

Nesi wa kliniki ya saratani pale hospitali ya Bugando, Mwanza, alituketisha mimi na mama kwenye benchi, akatueleza bila haraka, ingawa foleni nyuma yetu ilikuwa imefika mlangoni. Dawa atakayowekewa mama inaua seli za saratani, ila inapunguza pia chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Wiki moja hadi mbili baada ya dripu ndipo zinaposhuka kabisa. Joto likifika 38 msingoje kupambazuke, mleteni. Maji ya kunywa yachemshwe. Kachumbari aiache kwanza. Kisha akauliza, "Mnafikia wapi?"

Nikamwambia tutatafuta gesti. Sisi ni watu wa kisiwa cha Ukerewe, nyumbani Nansio, na mtu hawezi kupanda meli usiku wa manane eti mgonjwa ana homa. Ndugu tuliokuwa nao mjini wanakaa Igoma, chumba na sebule, na watoto wao wote walikuwa na mafua. Huo ulikuwa mwaka 2017.

"Sawa," nesi akasema. "Lakini chumba mkikague kabla ya kulipa."

Mama hakulipenda neno hilo. Ni mwanamke anayefagia uwanja wake kabla jua halijatoka, lakini kukagua chumba cha mtu mwingine aliona ni utovu wa adabu. Tukiwa tunashuka kilima cha hospitali taratibu, amenishika mkono, alirudia kuniambia, "Mwanangu, usije ukatuaibisha kwa watu."

Gesti ya kwanza ilikuwa kwenye mteremko kuelekea mjini. Kwa macho ilipendeza: vigae vinang'aa, mapazia mapya, na harufu kali ya marashi ya chumba. Harufu hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Mimi naamini chumba kisafi hakinukii kitu, na anayepuliza marashi mengi ana jambo analolifunika. Nilimwacha mama kwenye kiti cha mapokezi, mkoba nikauweka bafuni juu ya vigae wala si kitandani, nikavua shuka upande mmoja na kuwasha tochi ya simu. Nikainua kona ya godoro. Kwenye mshono, pale kitambaa kinapojikunja, palikuwa na vidoa vyeusi vimefuatana mstari mzima. Nikaufuata mshono kwa kidole, nikakuta ganda jepesi la kahawia, tupu, la mdudu aliyejibadua. Mwenyewe nikamwona mbele kidogo, bapa, mkubwa wa punje ya dengu, anakimbilia ufa wa ubao wa kichwani.

Kunguni hajulikani kumwambukiza mtu ugonjwa, nalijua hilo. Lakini anauma, panawasha, mtu anajikuna usingizini mpaka ngozi inachubuka, na kwa mgonjwa ambaye chembe nyeupe zimeshuka mchubuko mdogo tu ni njia ya bakteria kuingia. Tena kunguni hukaa miezi bila kula. Kwamba chumba hakijapata mgeni siku nyingi hakunipi moyo hata kidogo.

Mwenye gesti aliponiona natoka na mkoba akasema, "Dada, hao ni wa kawaida, wako Mwanza nzima." Sikubishana naye. Nilimchukua mama tukaondoka.

Tulikopata chumba ilikuwa mtaa wa nyuma, elfu ishirini kwa usiku, choo na bafu ndani. Rangi ya ukuta ilikuwa inabanduka na mlango unagoma kufunga mpaka uuinue. Ila shuka zilikuwa zimepauka, za kufuliwa mara nyingi na kuanikwa juani, godoro limevishwa nailoni nzito inayofutika, na mishono yake nilipoimulika ilikuwa mitupu. Nikalipa pale pale.

Kisha nikaenda dukani: jiki, sabuni ya unga, brashi, ndoo yetu wenyewe, vitambaa vya kufutia. Watu wengi humwaga jiki juu ya uchafu wakaridhika kwa sababu pamenuka jiki. Jiki haipiti kwenye uchafu. Kwanza unaosha kwa sabuni na maji, unasuuza, ndipo unapaka jiki, na unaiacha dakika kumi bila kuigusa. Ile ya asilimia 3.5 tunayoizoea, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, inakupa asilimia 0.5 inayotumika hospitalini. Madirisha wazi, mgonjwa nje.

Sakafu haikunipa hofu sana, maana mama hatembei peku. Nilihangaika na vitu vinavyoshikwa. Kitasa. Bomba la sinki. Swichi ya taa kando ya kitanda ilikuwa nyeupe zamani; sasa pembeni ya kitufe palikuwa na utando mweusi wenye mafuta, mafuta ya vidole vya watu wote waliowahi kuzima taa pale wakalala. Niliufuta kwa pamba yenye spiriti, umeme nikiwa nimeukata, na pamba nilizitupa nyingi kabla haijatoka moja ikiwa nyeupe. Rimoti niliivisha mfuko wa nailoni, mama akawa anabonyeza juu ya mfuko. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston kule Marekani walipima vyumba vya hoteli na kukuta swichi ya taa ya kitandani na rimoti ni miongoni mwa vitu vyenye bakteria wengi zaidi. Walikuta bakteria wengi pia kwenye sponji na madeki ya wasafishaji wenyewe, yale yanayotoka chumba hiki na kuingia kile.

Hilo la madeki ndilo lililonijia kichwani dada wa usafi alipobisha hodi, ndoo mkono mmoja, dekio mkono wa pili, tambara moja begani. Alikuwa wa rika langu, mtu wa Magu. Alinikuta nimepiga magoti nasugua chini ya sinki. Akasimama mlangoni.

"Dada, kwani chumba changu kichafu?"

Alisema *changu*, na nikaona ameumia. Nikainuka. "Hapana dada. Mama anaanza dawa za saratani kesho, hatakiwi kupata hata mafua. Ningefanya hivi hivi hata chumba kingekuwa cha waziri."

Akamgeukia mama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Msamehe mwenzio. Hofu imemzidi."

Dada akatabasamu, lakini si sana, akaenda na ndoo yake.

Kesho yake mama akawekewa dawa. Mojawapo ni nyekundu kabisa, na nesi alikaa naye akiisukuma pole pole kwa bomba la sindano. Alipomaliza akaniita pembeni, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote. Kwa saa 48 dawa itakuwa inatoka mwilini mwa mama kwa mkojo, kwa choo kikubwa, kwa matapishi. Mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, si damu, ni rangi ya dawa. Choo kifunikwe kwanza ndipo kimwagiwe maji, na kimwagiwe mara mbili. Nguo na shuka zikichafuka zifuliwe peke yake, mara mbili, na anayezishika avae glavu. Dawa hii inaua seli, akasema, haichagui seli ya nani. Akanipa jozi chache za glavu, nyingine akanielekeza duka la dawa.

Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba tangu tumefika Mwanza nimekuwa nikimkinga mama na chumba. Sasa chumba nacho kilitaka kukingwa na mama, na zaidi ya chumba, yule wa Magu mwenye tambara moja.

Usiku mama alitapika. Beseni lilikuwa karibu, ila tapishi la pili lilimkuta amejiinamia vibaya likaenda kwenye shuka na foronya. Nilivaa glavu, nikavikunja kwa ndani, nikavitia kwenye mfuko na kuufunga. Nikamfuta, nikamvalisha kanga nyingine, nikatandika shuka tulizokuja nazo. Taa niliiwasha dirisha likiwa limefungwa, maana wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamejaa nje ya kioo na neti ya dirisha ilikuwa na tundu. Alfajiri maji yakakatika kabla sijaflashi mara ya pili.

Ndipo dada akaja kuchukua shuka. Nikamwambia nitazifua mwenyewe. Akasema hairuhusiwi, shuka ni za gesti. Nikakataa kumpa. Akapita bafuni kuangalia maji, akatoka uso umebadilika, akafunga mlango wa korido kabla ya kusema.

"Dada, chooni kuna damu, na shuka hutaki nizione. Kama kuna jambo limetokea humu niambie sasa hivi. Bosi atakayemuuliza ni mimi."

Nikamkalisha kitandani, nikamweleza yote, kuanzia rangi ile mpaka zile saa 48. Mama naye akainua mkono akamwonyesha pamba palipochomwa sindano. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wote wanaowekewa dripu ni hivyo hivyo?"

"Dawa zinatofautiana, lakini nesi alisema wa saratani waangalie hivyo."

Akaitazama mikono yake. Ilikuwa imepasuka kwenye vifundo, ngozi nyeupe ya jiki. "Nusu ya wageni wa hapa wanatoka kule juu hospitali," akasema. "Wanatapika, wanajikojolea, maskini, nami nafua kwa mikono hii kwenye beseni moja. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Ningependa kila anayempeleka mgonjwa wake mjini ayasikie maneno hayo kama nilivyoyasikia. Tunaogopa vyumba, tunaulizana kuhusu kunguni na masinki, na ni haki yetu. Lakini yule anayeingia baada yetu na kushika tulichokiacha hatumfikirii, wala hatumwambii, tena mara nyingi kwa sababu tunaona aibu ya ugonjwa. Shuka moja iliyotapikiwa pengine haimdhuru mtu. Yeye anafua kila siku, mwaka mzima.

Asubuhi ile tulifua pamoja uani, maji ya kwenye pipa, wote na glavu. Nikamkuta na desturi ya kuchanganya jiki na ile asidi ya kusugulia choo, akiamini zikiungana zinakuwa na nguvu maradufu. Nikamwomba asirudie, zinatoa hewa ya sumu. Akasema kumbe ndiyo maana akiosha vyoo kifua kinambana mpaka jioni. Tulisuuza, tukarudia, tukaanika shuka kwenye waya jua likiwa linachoma. Toka siku hiyo alikuwa akibisha hodi hata asipokuwa na kazi, aje amjulie hali mama, na ndiye aliyekuwa akituchemshia maji ya kunywa jikoni kwake, akiyafunika na kuyaleta ya moto bado.

Mama hakupata homa mzunguko ule, wala uliofuata. Yuko Nansio sasa, analima mihogo yake na kunigombeza kwa simu.

Mwenye gesti alikuja mwisho wa wiki kukusanya hesabu, mzee mpole wa sura. Nilimwamkia, nikamwambia kazi ya mfanyakazi wake ni nzuri, ila anahitaji glavu za mpira, na matambara tofauti, la choo lisiguse meza. Akanisikiliza akitikisa kichwa.

"Binti yangu, miaka yote wamefua bila glavu."

"Ndiyo mzee, na mikono yao umeiona?"

"Wateja hawajalalamika."

Nikasema mimi ni mteja na ninalalamika. Nilisema kwa heshima, lakini nilisema mbele ya mapokezi, wageni wengine wakisikia. Mama alinivuta kanga mara ya kwanza, ya pili hakunivuta tena. Akasema yeye mwenyewe, polepole, na ni mara chache sana mama yangu kuongea mbele ya mwanamume asiyemjua: "Kaka, huyu binti wa usafi ananifulia matapishi yangu. Mnunulie glavu." Mzee akaangalia chini. Matambara na brashi mpya alivinunua wiki hiyo hiyo. Glavu akasema ataona.

Tuliporudi kwa dripu iliyofuata, baada ya siku 21, nilibeba boksi la glavu nililonunua mwenyewe, nikamkabidhi dada. Alikuwa ameshapata jozi nene za mpira, hakuniambia kama ni bosi aliyetoa au ni mshahara wake. Jioni, nikiwa namlaza mama, nilimsikia kwenye korido akimpokea mgeni aliyetoka Geita na mume wake. Alimuuliza mgonjwa anatibiwa nini. Alimwambia mkojo ukiwa mwekundu asishtuke, afunike choo na kumwaga maji mara mbili, na shuka zikichafuka asizione aibu, amwambie, zifungwe kwenye mfuko. Mgeni akauliza glavu zinauzwa wapi. Dada akamwelekeza duka la dawa la pale kona, akamsisitizia awahi, wanafunga saa mbili.