Mizani ya Ami

Leo baada ya sala ya alfajiri nimeitafuta mizani ukumbini, sikuiona. Nimekuja kuikuta chumbani kwa Ami, uvunguni mwa kitanda, imefunikwa kanga kuukuu. Ameificha. Mzee wa miaka 71 anamficha mizani mtoto wa kaka yake, na huyo mtoto ana miaka 41 na watoto watatu wa kwake.

Haki yake lakini. Mizani ni yake.

Ami tulimtoa Mtambwe mwaka jana tukamleta hapa Wete, tulipoona miguu imemvimba mpaka makubadhi hayamuingii, na usiku hawezi kulala ila ameegemea mito mitatu. Spitali, daktari alimbonyeza kidole gumba kwenye ugoko, akakitoa, na shimo likabaki pale pale kama unga wa maandazi unapoujaribu kama umeumuka. Moyo, akasema. Hausukumi damu kwa nguvu inayotakiwa, kwa hivyo maji yanabaki mwilini. Akapewa vidonge vya kumkojoza, akakatazwa chumvi (mtu aliyelelewa kwa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi!), na akapewa amri moja ambayo mwanzo tuliiona ya ajabu: kila siku asubuhi, akishatoka chooni na kabla hajatia kitu kinywani, apande mizani na aandike. Akijiona amezidi kilo mbili hivi ndani ya siku mbili tatu, asingoje siku ya kliniki, aje. Mafuta hayaingii mwilini kwa kasi hiyo. Hayo yatakuwa maji.

Basi nikanunua mizani, ile nyembamba ya kioo inayokula betri. Daftari tukalitoboa tukalitundika kwenye msumari karibu na mlango wake, na kalamu tukaifunga kwa uzi maana wanangu ni wezi wa kalamu. Kazi yangu ikawa kumsomea namba, macho yake ya karibu yamechoka.

Mimi mwenyewe niliipanda Januari, siku niliyorudi kliniki nimeambiwa presha imepanda na sukari iko mpakani. 92.4. Nikashuka, nikapanda tena. 92.4. Nikavua bangili.

Ninaye mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni muuguzi. Nilipompigia simu huku nalia alinipigia hesabu: uzito ukiugawa kwa urefu wako wa mita 1.58, halafu ukagawa tena kwa huo huo urefu, unapata 37, na kuanzia 30 huo si unene wa kunawiri tena. Lakini akanambia kitu ambacho sikukitarajia. "Dada, usiniletee habari za kilo sitini. Toa asilimia tano kwanza. Kilo nne na nusu. Presha na sukari zinaanza kusikia hapo hapo."

Kilo nne na nusu! Nikaona kazi ndogo hii.

Nikapunguza nazi kwenye chungu kutoka mbili hadi moja, samaki nikawapika chukuchuku badala ya kuwakaanga, chapati za asubuhi nikaziacha kwa wenye miili yao, na skuli nikawa naenda kwa miguu. Wiki ya kwanza zikaondoka kilo 2.6. Nilijiona bingwa. Nikapiga hesabu za kijinga kabisa, kwamba kwa mwendo huu Ramadhani itanikuta mwembamba kama msichana wa kidato cha pili.

Wiki ya pili zikaondoka gramu mia nne. Ya tatu, ikapanda.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Ami anapima kila siku, na mimi nikawa napima kila siku. Kisha nikaongeza nikirudi skuli. Kisha kabla ya kulala. Nikagundua kwamba mizani ukiiweka juu ya mkeka inasema jambo moja na ukiiweka juu ya sakafu inasema jengine, basi nikawa naizungusha nyumba nzima kutafuta pahala penye huruma. Kuna kigae kimoja karibu na mlango wa jikoni kilikuwa kinanipa nafuu ya gramu mia tatu. Sikwambii nilivyokipenda kile kigae.

Jumatatu moja nilifunga sunna. Nikajipima dakika kumi kabla ya magharibi, koo limekauka, kichwa kinagonga: nimepungua kilo moja na nusu tangu asubuhi. Nilifuturu kwa furaha. Jumanne alfajiri kilo moja na nusu yote imerudi, na juu yake gramu mia mbili za kunikomoa. Nilikasirika nikaingia jikoni, kulikuwa na kaimati zilizobaki za watoto, nikala nane. Nimesimama. Sikuhisi hata utamu wake. Nilikuwa naiadhibu mizani, na mizani iko ukumbini haina habari.

Yule muuguzi alikuja Ijumaa kumtazama Ami, nikamsimulia. Hakuniwekea mhadhara. Aliniomba chupa ya maji ya nusu lita, akaniambia nipande: 89.7. Akanipa chupa, kunywa. Nikanywa yote nimesimama pale pale juu ya kioo, akaniambia shuka, panda. 90.2.

"Umenenepa?" akaniuliza.

Nikacheka, lakini ndani kitu kiligeuka. Maji lita moja ni kilo moja, hilo nalijua, nalifundisha. Sikuwahi kulipeleka kwenye mwili wangu. Akanifafanulia na zile 2.6 za wiki ya kwanza: mwili una akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashika kama gramu tatu za maji. Ukipunguza kula, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Nilikuwa nimesherehekea kwenda haja ndogo. Ukirudi ukala wali sahani moja ya kushiba na pilau la harusini lenye chumvi, akiba inajazwa, maji yanarudi, na hapo hujanenepa hata punje. Na mwanamke ana mambo yake ya mwezi pia. Mimi siku chache kabla napanda zaidi ya kilo bila ya kuongeza hata tonge.

Ukiweka na hesabu upande wa pili unaona kichekesho chenyewe. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700. Mimi nikijinyima kalori 500 kwa siku, sawa na chapati mbili zilizoshiba mafuta, kwa wiki nimetoa 3,500. Hiyo haifiki nusu kilo ya mafuta. Sasa maji yanapanda na kushuka kilo moja, kilo moja na nusu kati ya asubuhi na usiku, na ninachokitafuta ni nusu kilo kwa siku saba. Ni sawa na kumsikiliza mtu ananong'ona kwenye gati la Mkoani meli inaposhusha abiria.

Ami alikuwa barazani anasikia yote. Huyu mzee amelima karafuu maisha yake yote, na alipoingia ndani hakuanza na mizani.

"Mwanangu, karafuu ukishazichambua makonyo ukazimwaga jamvini, siku ile ya kwanza zina uzito wa kukutia wazimu. Wajiona tajiri. Nani azipeleka kituoni siku hiyo?"

"Hakuna, Ami."

"Waanika. Wageuza. Mvua ikija waanua, ikiondoka waanika tena. Siku nne tano za jua kali. Kilo tatu mbichi zaja kuwa moja kavu. Sasa weye wapima jamvini, kila saa, mara jua mara umande, kisha walia."

Alisimulia mengi siku ile, maana ukimfungulia Ami mlango wa karafuu hatoki. Jinsi wachumaji wanavyolipwa kwa pishi na si kwa kilo, jinsi wajanja wanavyozilaza nje usiku zivute umande ziwe nzito, na jinsi mnunuzi mwenye akili asivyoiamini mizani peke yake. Anatia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anatoa moja ya katikati, anaivunja. Ikiwa kavu inakatika kwa sauti. Ikiwa bado ina maji inapinda, na ukucha ukiukandamiza unaacha alama. Alinionyesha kwa vidole vitupu, hana hata karafuu mkononi, na niliisikia ile sauti.

Nikamuuliza swali ambalo nadhani lilikuwa la busara kuliko yote niliyouliza mwaka huu: "Mbona wewe unapima kila siku basi?"

Aliyejibu ni muuguzi. Kwa sababu Ami anatafuta maji. Kinachonivuruga mimi ndicho hasa anachotakiwa kukiona yeye, na akikaa wiki nzima bila kukiona anaweza kuletwa spitali usiku anatweta. Mizani moja, nyumba moja, watu wawili wanauliza maswali mbalimbali. Mimi nilikuwa nauliza swali langu kwa saa za Ami.

Sisemi kwamba kila siku ni vibaya kwa kila mtu. Muuguzi mwenyewe, ambaye baada ya uzazi wa pili alipunguza kilo kumi na moja, anajipima kila asubuhi, ila haitazami namba ya siku. Anajumlisha saba, anagawa kwa saba, na anaulinganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita. Anasema ukiziona namba kila siku unazizoea, hazikutishi tena. Na Marekani kuna watafiti tangu 1994 wanaowafuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13 na ushei wakadumu hivyo mwaka au zaidi. Kama robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Sawa. Lakini sijui kama wamebaki wembamba kwa sababu wanajipima, au wanajipima kwa raha kwa sababu wamebaki wembamba. Mimi miezi ile sikugusa mizani kwa muda mrefu ndiyo niliyonenepa zaidi, hilo nakiri. Kuikimbia kabisa pia kulinigharimu.

Ninachojua ni kwamba mimi ni mtu wa kaimati nane. Kwa mtu wa aina yangu, kila siku ni sumu. Tukakubaliana Ijumaa tu, alfajiri, kanga moja, kigae kile kile (si kile cha jikoni), na nisilinganishe na Ijumaa iliyopita bali na ya wiki nne nyuma, ili siku zangu za mwezi ziangukie pamoja. Katikati nijipime kwa mengine: futi ya fundi cherehani kiunoni, kipandio cha kwenda ghorofa ya pili skuli bila kupumzika, presha kliniki. Ami ndiye aliyepewa ulinzi wa mizani, na ameichukulia kazi hiyo kama askari wa bandarini.

Watu nao. Nilipokuwa na kilo 92 hakuna aliyenisemesha, isipokuwa mama mmoja aliyesema mume wangu ananitunza. Sasa dera limeanza kupwaya nasimamishwa njiani: "Shoga, mbona umepukutika hivyo, u mzima kweli?" Mwengine kaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna salama. Ijumaa iliyopita nilikuwa 87.6. Zile kilo nne na nusu zimetimia na ushei, presha imeshuka kidogo, na majirani wanakaribia kunisomea dua ya mgonjwa.

Sasa leo ni Jumatano. Kwa nini nilikuwa uvunguni mwa kitanda? Kwa sababu jana kulikuwa na hitma, nilikula biriani, na nilitaka kujua tu. Kujua tu! Nimeshaivuta nusu, kanga imeshaanguka, nasikia juu ya kichwa changu:

"Leo siku gani?"

"Jumatano, Ami. Nimekuja kukupimia wewe."

Hakuamini, lakini aliteremka, akaenda chooni, akarudi akapanda kwa ule utaratibu wake, mguu wa kulia kwanza na bismillahi. 62.8. Nikafungua daftari. Jana 61.9. Juzi 61.7.

"Jana kule hitmani ulikula nini?"

Kimya. Kisha akataja achari. Kisha, baada ya kuangalia dirisha kwa muda, akataja kipande cha ng'onda, kidogo tu, cha kuonja.

Nikaandika 62.8, nikamwambia akae kitandani. Nikapiga magoti, nikampandisha kikoi, nikabonyeza kidole gumba kwenye ugoko, nikahesabu mpaka kumi, nikakitoa. Tuliinama pale sote wawili tukitazama. Ngozi ilirudi.