Siku moja maishani mwangu: barabara au daino?

Saa 11:15 alfajiri

Kazi ya barabarani naianza mapema kwa sababu mbili: hewa bado ina ubaridi, na barabara ya kwenda Bahi bado haijajaa ng'ombe, bodaboda na watoto wa shule. Natengeneza mafaili ya kompyuta za injini, yaani maagizo ya hewa, mafuta na cheche, hapa Kizota, Dodoma. Swali lisiloisha ni faili lipimwe wapi: barabarani, au kwenye daino, mashine inayozungushiwa matairi ndani ya banda na kupima nguvu za gari. Wateja wengine wanaiita rimapu, wengine "kuchezea kontroboksi", yaani hiyo kompyuta. Gari la asubuhi hii ni Hilux ya dizeli, lita 2.8, injini ya 1GD, gia za mkono. Mwenyewe ni mzee mkandarasi anayepeleka saruji na nondo Mpwapwa. Hataki mbio. Anataka gari likibeba mzigo lisimlazimishe kurudi gia ya 2 kila kilima.

Faili la kiwandani nililisoma jana jioni na nakala nimehifadhi sehemu mbili. Kijana wangu wa gereji kakagua hosi za turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, moja moja, maana hakuna faili linaloziba hosi iliyopasuka.

Saa 12:10 asubuhi

Tumeshapita Nala. Kijana anaendesha, mimi nimekaa kushoto na laptopu mapajani. Hiyo ndiyo sheria ya gereji: aliyeshika usukani hagusi laptopu, na aliyeshika laptopu ana maneno mawili tu, "twende" na "acha". Nimewaona mafundi wanaofanya yote mawili peke yao. Sipandi gari lao.

Tunatafuta kipande tambarare, kimenyooka, hakina nyumba, unaona mbali. Gia ya 3, mizunguko 1,500, mguu chini mpaka 3,500, achia. Tunageuza na kurudia kwa kuelekea upande wa pili, kwa sababu upepo wa Dodoma ukikusukuma mgongoni utadhani umepata nguvu ambazo injini haina. Tukikaribia kijiji tunarudi 50. Trafiki mwenye tochi hana habari na faili langu.

Narekodi presha ya turbo iliyoombwa na iliyopatikana, hewa inayoingia, presha ya reli ya dizeli (bomba linalolisha nozeli), kiasi cha dizeli kinachopulizwa, joto la maji, na joto la moshi kabla ya turbo, kwa sensa niliyoifunga mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo naikodolea macho. Dizeli ukiiongeza bila hewa ya kutosha inakupa moshi mweusi na joto, na joto ndilo linaloua pistoni. Mimi sivuki nyuzi 750.

Na huku kwetu hewa yenyewe ni pungufu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni kama kilopaskali 89 wakati Dar ni 101. Injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kuhamia tu makao makuu. Yenye turbo inajitetea: turbo inazunguka zaidi kuziba pengo, na kwa kuzunguka zaidi inaipasha hewa joto zaidi. Ndiyo maana faili lililopikwa pwani silipi baraka mpaka nilione likifanya kazi huku, hata kama lilipikwa kwenye mashine ya bei mbaya.

Saa 2:00 asubuhi

Gereji. Chai, chapati, na faili jipya. Naongeza presha kidogo ya turbo katikati ya mizunguko, dizeli inafuata nyuma yake, na nguvu za juu kabisa siziongezi sana. Chaja imeunganishwa kwenye betri muda wote wa kuandika. Volti zikishuka katikati, kontroboksi inaweza kufa palepale na mteja akaondoka kwa breakdown.

Saa 3:20 asubuhi

Mzee amefika. Shikamoo, marahaba, na mifuko ya saruji tayari iko nyuma kama nilivyomwomba. Tunatoka naye. Mzigo upo, jua limeanza kuchoma, na joto la moshi limesimama chini ya mpaka wangu. Gia ya 4 inavuta pale alipozoea kushuka gia.

Njiani akaniuliza, "Mwanangu wa Dar anasema bila ile mashine ya kuzungusha matairi ndani ya banda, umeibiwa. Unasemaje, fundi?"

Nikamwambia gari lake ni la kiwandani, halijabadilishwa kitu. Kiwanda chenyewe kiliipa injini hii msokoto, yaani nguvu ya kuvuta, wa nyutonimita 450 kwenye otomatiki na 420 kwenye gia za mkono. Mimi nasoma hapo kwamba mwenye gia za mkono ana sababu ya kuwa mpole, na klachi ya mzee ina kazi ngumu tayari. Sina haja ya daino kutafuta ukomo wa injini wakati klachi itakuwa imeshaomba poo zamani. Kinachohitajika ni kujua gari likiwa na mzigo, kwenye vumbi hili na joto hili, halipiti mipaka. Hayo barabara inayajibu vizuri, tena kwa upepo halisi unaopiga intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Feni ya kwenye daino, hata iwe kubwa, mara nyingi haifikii upepo wa gari linalokimbia, kwa hiyo intakula inapata joto kila ukirudia mzunguko na namba zinashuka bila kosa la faili.

Saa 5:00 asubuhi

Sasa kimekuja kisa kingine. Kijana mmoja na Subaru Forester, injini ya EJ20, turbo kubwa kuliko ya kiwandani, nozeli mpya, ekzosi inayoamsha mtaa. Gari alilinunua kwa mtu aliyekuwa akiishi Nairobi, na amekuja na karatasi ya daino ya huko: nguvu farasi 300. "Broo, huku Dodoma zimepotea wapi?"

Nikamwonyesha mstari mdogo chini ya karatasi, kigezo cha marekebisho, 1.22. Daino hupima kilichopo, kisha programu inakizidisha ili kifanane na kipimo cha karibu na usawa wa bahari. Kigezo hicho kilitungwa kwa injini inayopoteza nguvu moja kwa moja hewa ikipungua. Turbo imeshafidia sehemu kubwa ya upungufu huo yenyewe. Ukiizidishia tena kwa 1.22 umeilipa mara mbili. Gawanya 300 kwa 1.22 upate 246. Mashine haikudanganya, na sidhani hata walioiendesha walidanganya; namba zote ziko pale kwa mwenye kusoma. Kijana alinyamaza, akaikunja ile karatasi taratibu.

Lakini hili ndilo gari ambalo nisingelimalizia barabarani. Daino yenye breki inaweza kuishikilia injini kwenye mizunguko 3,000, mzigo uleule, nami nikasogeza muda wa cheche nyuzi moja moja huku nikiangalia msokoto. Utafika mahali unasogeza na msokoto hauongezeki. Hapo unaacha, hata kama injini bado haijagonga, yaani petroli haijaanza kulipuka ovyo ndani ya silinda. Barabarani hiyo huioni. Barabarani unajua umezidisha pale sensa inaposikia injini inagonga, na EJ20 ikigonga kwa nguvu pistoni hazikupi muda wa kujuta. Tena kulishikilia gari la namna hii mguu chini kwenye gia ya juu maana yake ni kukimbiza chuma kwa mwendo ambao barabara ya Bahi haikujengewa, na mtu na punda wake wana haki ya kuvuka.

Saa 7:30 mchana

Ugali wa uwele na mlenda. Asiyekula mlenda asiniombe punguzo.

Saa 8:15 mchana

Forester nimeiunganisha tukazunguka polepole tu hadi Nkuhungu na kurudi. Kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche mara kwa mara turbo ikianza kujaa, yaani tayari inasikia injini ikigonga. Plagi zimechakaa. Mgandamizo wa silinda zote nne uko sawa, hiyo ni heri. Nikamwekea faili la kusafiria: presha ya chini kabisa ya turbo, petroli ya kutosha, cheche imerudi nyuma. Linachosha kuliendesha, linafika.

Saa 10:00 jioni

Nimempigia fundi wa Dar mwenye daino ya magurudumu manne. Hilo la manne si anasa: Subaru ya namna hii ukiizungusha kwa ekseli moja huku nyingine imesimama, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inalipia. Mpango tuliokubaliana ni kwamba cheche na petroli tuzipange kule kwenye mashine, presha ya turbo tuiachie nafasi ya kupanda, halafu gari lirudi nipime huku Dodoma. Nataka kuona turbo haikimbizwi kupita uwezo kufukuzia presha ambayo pwani iliipata kwa urahisi. Kijana wa Forester ataendesha kilomita zake 450 kwa faili la kusafiria. Mimi nitapanda treni ya umeme, niwahi kufika na usingizi wangu kamili.

Saa 11:40 jioni

Mzee amepiga simu kutoka njiani. Hakusema nguvu, alisema klachi hainuki. Nimemwandikia tarehe ya kurudi nikague rekodi akishafanya safari kadhaa za mzigo.

Kijana wa Forester amekubali kwenda Dar, kwa sharti moja: karatasi mpya iwe na namba zote mbili, iliyorekebishwa na isiyorekebishwa. Nilipomfikishia fundi wa Dar akacheka. Akasema Alhamisi ana nafasi, na nimwambie kijana aje na tairi nne zinazofanana, maana Forester ya mwisho aliyoipandisha kwenye mashine ilikuja na tairi za aina tatu na alikataa kuiwasha.