Barua yako ipeleke mlango upi serikalini?

Hapa Kenya, ukitaka kujua kwa nini shule ya mwanao haina mwalimu wa hisabati, usianzie Jogoo House, makao makuu ya Wizara ya Elimu. Wizara ya Elimu haiajiri mwalimu wa shule ya umma, haimhamishi wala haimwadhibu. Kazi hizo ni za TSC, tume ya walimu iliyowekwa na Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010, na Waziri wa Elimu hana mamlaka ya kuiamuru impeleke mwalimu fulani shule fulani. Cheti cha mtihani kikipotea, ni KNEC, baraza la mitihani. Mtaala ni KICD, taasisi ya kukuza mitaala. Mkopo wa chuo kikuu ni HELB, bodi ya mikopo. Chekechea iliyovunjika paa ni ya serikali ya kaunti, maana Jedwali la Nne la Katiba limewapa magavana elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Pesa za karo ambazo serikali huitumia shule kwa ajili ya kila mwanafunzi zikichelewa, hapo sasa panda Jogoo House, kwa Katibu wa Elimu ya Msingi.

Sekta moja, milango sita, na mingi yake haifunguliwi na waziri. Watu wengi hudhani wizara ni nyumba moja yenye mwenye nyumba mmoja, kwa hivyo kila lalamiko linaandikiwa waziri. Kimpangilio, waziri ni mtu wa sera. Katiba inasema mawaziri wawe si chini ya 14 na wasizidi 22. Chini yao kuna idara za serikali, na Kifungu cha 155 kinataka kila moja isimamiwe na Katibu, yule tuliyezoea kumwita PS. Wizara moja huwa na idara mbili, tatu au zaidi. Katibu ndiye anayeidhinisha matumizi, na hesabu zisipolingana ndiye anayeitwa Bungeni mbele ya Kamati ya Hesabu za Umma. Ukiniuliza, Katibu ndiye mtu wa kumwandikia. Jina la waziri hufaa kwenye nakala tu.

Idara gani iko wizara gani? Katiba haisemi. Rais hupanga kwa agizo rasmi, na hati hiyo ndiyo ramani ya serikali nzima. Kwa kila idara inaorodhesha kazi zake, sheria inazosimamia na taasisi zilizo chini yake. Itafute mtandaoni, usome agizo la karibuni kabisa, kisha utafute neno la shida yako: maji, pasipoti, mbolea. Usitegemee bango la jengo. Rais akipanga upya, idara huhamishwa kwa siku moja lakini mafaili hufuata polepole, na barua iliyokuwa ikishughulikiwa inaweza kubaki masjala, yaani afisi ya kupokea barua na kutunza mafaili, ya wizara ya zamani bila mtu wa kuisukuma. Ikiwa ulikuwa na jambo linaloendelea, iandikie idara mpya upesi, uambatishe nakala ya barua ya kwanza.

Kisha kuna mashirika ya serikali. Kuyatambua ni rahisi ukiuliza swali moja: nani alilizaa? Mamlaka za barabara zilizaliwa na Sheria ya Barabara ya 2007: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Shirika kama hilo lina bodi na mkurugenzi mkuu wake, kwa hivyo malalamiko kuhusu shimo la barabarani huanzia kwa mkurugenzi huyo, si kwa wizara. Hapa Nairobi kuna mkanganyiko wa ziada: barabara za mtaani nyingi ni za kaunti, na zinakutana na za KURA bila alama yoyote. Kwa sababu mashirika mengi yamezaliwa na sheria, kuyavunja si kazi ya siku moja. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mashirika 42 yaunganishwe yawe 20, lakini lile lililoundwa na Bunge halifi kwa tangazo la Ikulu. Lazima sheria yake ibadilishwe kwanza. Mpaka hapo, liandikie kama kawaida.

Tume na afisi zilizozaliwa na Katiba yenyewe ziko nje ya ngazi hiyo kabisa. Kifungu cha 248 kinataja tume kumi, zikiwemo ya uchaguzi (IEBC), ya ardhi, ya mishahara na TSC yenyewe, pamoja na afisi mbili huru: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Msimamizi wa Bajeti. Kuzishtaki kwa waziri ni kupoteza stempu.

Barua yenyewe sasa. Jambo moja, barua moja. Ukichanganya pensheni na hati ya shamba, afisa wa kwanza atajibu nusu yake na nusu nyingine itazikwa kwenye faili. Iandikie cheo, usiiandikie jina la mtu, maana makatibu hubadilishwa. Weka tarehe, kichwa cha habari kinachotaja shida, namba ya kitambulisho, na namba ya kumbukumbu ya barua ya awali kama ipo. Chapisha nakala mbili. Masjala watabaki na moja, ya pili wakugongee muhuri wenye tarehe, na usiondoke dirishani kabla wino haujasomeka. Barua huwekwa kwenye faili, hupanda hadi kwa mkubwa, naye huandika maelekezo pembeni na kuishusha kwa mkurugenzi, ambaye huishusha kwa afisa. Kwa hivyo wiki ya kwanza usiulize, “Imejibiwa?” Uliza, “Faili iko kwa nani?” Swali hilo lina jibu.

Ukimya ukizidi, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wengi hawajui kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, tena sheria inasema hivyo waziwazi. Hulipi chochote kuwasilisha ombi. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Afisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja, isizidi siku 14. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Na ukikosea mlango, sheria iko upande wako: afisi ikiona habari iko kwingine inaweza kulihamisha ombi ndani ya siku tano, na ikilihamisha lazima ikujulishe.

Omba kitu mahususi. “Nipeni habari kuhusu mradi wa maji” itakurudia na maswali. “Naomba nakala ya mkataba wa kisima cha mtaa fulani na malipo yaliyofanywa hadi sasa” haina pa kukwepea. Muda ukiisha bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ndani ya siku 30, ukiambatisha ile nakala yenye muhuri wa masjala.