Sarafu 14, daftari moja: kuzipanga madaraja mara mbili

Wiki ya 1

Sarafu 14 ziko juu ya kitambaa laini, zote za fedha tupu, kwa maneno ya walioniuzia. Maneno hayo nimeyaweka kando kwanza. Mpango ni huu: kila sarafu niipe daraja la hali yake, nifunge daftari, halafu baada ya wiki tatu nirudie kazi yote bila kuchungulia nilichoandika. Nataka kujua kama jicho langu linaaminika.

Natumia kipimo cha Sheldon, cha 1 hadi 70. William Sheldon alikitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, na hesabu yake ilikuwa kwamba sarafu ya daraja la 70 ina thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Soko liliiacha hesabu hiyo zamani, namba zikabaki.

Mizani yangu inasoma hadi gramu 0.01. Dola ya Morgan, sarafu ya fedha ya Marekani iliyopewa jina la mchongaji wake, ikitoka kiwandani ina gramu 26.73. Rupia ya India ya enzi za Victoria ina 11.66, na thaler ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia huyo, 28.07. Zangu zimepungua kidogo kwa kusagika, jambo la kawaida. Mojawapo ya dola, ya mwaka 1893 yenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco, chini ya shada, imesoma 26.40. Niliipa daraja la 30 nikajipongeza.

Wiki ya 2

Pongezi nimezirudisha. Nimeweka glasi ya maji juu ya mizani, nikaisomesha sifuri, kisha nikaizamisha sarafu kwa uzi bila kugusa kitako. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Ukigawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo unapata msongamano wake. Dola halisi, yenye fedha asilimia 90 na shaba 10, hutoa takriban 10.3. Ile ya 1893 imetoa 8.9, yaani hakuna fedha ya maana humo. Ningeshtuka mapema: dola za mwaka huo zenye S zilipigwa 100,000 tu, na ndizo zinazoghushiwa kuliko nyingi. Aliyeniuzia alinihimiza nisikawie. Zimebaki 13.

Wiki ya 4

Nimerudia madaraja. Nane zimebadilika, saba kati yake zimeshuka. Sikutegemea aibu ya kiasi hicho.

Sababu kubwa ni moja: mara ya kwanza niliangalia weupe. Safari hii nimezima taa zote nikabakiza moja, nikawa naigeuza sarafu polepole chini yake. Sarafu ambayo haijapita mikononi mwa watu huonyesha mikanda ya mwanga inayozunguka kama spoku za baiskeli. Mwanga huo unatokana na mistari midogo mno ambayo madini huacha yanapokimbilia ukingoni wakati wa kupigwa muhuri. Ukiisugua, mistari inakatika na hairudi tena.

Dola yangu ya 1885 yenye O, alama ya kiwanda cha New Orleans, ilikuwa nyeupe pee, nikaipa 62. Chini ya taa moja nimeona michirizi myembamba, yote imelala upande mmoja. Mtu aliipangusa. Nimefuta 62 nikaandika "imesafishwa".

Dola nyingine yenye O ilinisumbua jioni nzima. Nywele zilizo juu ya sikio, mahali panapoanza kulika kwenye Morgan, zimelala bapa. Imechakaa, au muhuri haukushuka vizuri? Kiwanda cha New Orleans kilisifika kwa mapigo dhaifu. Jibu nimelipata kwenye mwanga: mkanda unapita juu ya nywele bila kukatika. Pangekuwa pamelika, pangekuwa na kijivu kisichong'aa. Hiyo imebaki pale pale.

Iliyopanda ni rupia nyeusi niliyoidharau. Weusi wake ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani, na chini yake mng'ao ni mzima. Pacha wake niliwahi kumsugua mwenyewe kwa dawa ya meno. Sasa anang'aa kama kijiko, na thamani yake imebaki ile ya madini.

Wiki ya 6

Thamani naanzia chini. Uzito mara kiwango cha fedha, kisha nagawanya kwa 31.1035 kupata aunsi za wauza madini. Dola ya Morgan ina aunsi 0.773 za fedha safi, thaler 0.752, rupia 0.344. Hiyo ndiyo sakafu.

Juu ya sakafu, daraja halisaidii kila sarafu kwa usawa. Dola ya Morgan ya 1921 isiyo na herufi ya kiwanda ilipigwa zaidi ya milioni 44. Ikiwa imechakaa, daraja moja juu au chini halitikisi kitu. Ila idadi iliyopigwa si idadi iliyobaki: kwa Sheria ya Pittman ya 1918 Marekani iliyeyusha dola zaidi ya milioni 270. Kwa hiyo nalinganisha na bei zilizolipwa kweli mnadani, si bei ambazo wauzaji wanaziota.

Imebaki thaler. Imeandikwa 1780, mwaka aliokufa Maria Theresa, lakini tarehe hiyo iliendelea kupigwa baada yake huko Vienna, Roma, London na Bombay, kwa hiyo mwaka haunisaidii. Ukingoni nasoma IUSTITIA ET CLEMENTIA, herufi zimeinuka sawasawa. Broshi ya begani mwa malkia ina lulu tisa. Nimezihesabu mara mbili kwa lenzi. Kwenye maji imetoa 10.2, inavyotakiwa. Fedha yake ni halisi, kiwanda bado sijakitambua. Thamani yake nimeiandika kwa penseli.