Nimepata adapta ya iPAQ ya mjomba

Jamani, leo nimetoka Ngamiani, hapa Tanga, na furaha! Ile iPAQ ya zamani (kompyuta ndogo ya mkononi) aliyoniachia mjomba haina tundu la kadi, mpaka uivalishe kava maalumu la nyuma, ndiyo hiyo adapta. Nilikuta mawili: la PC Card (kadi pana za kompyuta mpakato), lenye betri yake ndani ila nene na zito, na la CompactFlash (kadi ndogo za kuhifadhia picha na mafaili), jembamba. Nikachukua jembamba, maana natembea nayo mfukoni.

Ndugu zangu, angalieni unene wa kadi. CompactFlash ya aina ya I ina milimita 3.3, ya II ina 5. Wiki iliyopita niliishindilia nene kwenye tundu la nyembamba, nusura nipinde pini. Iliniuma sana.

Sasa picha za Raskazone zimefunguka zote. Bibi amezitazama barazani mpaka magharibi.