Kijani au Kahawia

Jumapili mwanangu kaniletea mgomba. Kauchora vizuri, mkungu umeinama, hata ule moyo wa zambarau haukusahauliwa. Ila majani yote ni ya kahawia. Nikamuuliza, "Mbona umekauka?" Akanitazama kama mtu anayetaniwa.

"Haujakauka, Baba. Ni kijani. Si ni kijani hii?"

Mama yake alikuwa anamenya matoke. Kisu kikasimama. Hatukusemezana, lakini najua sote wawili tulimwaza mtu mmoja: kaka yake, shemeji yangu, Injinia.

Kikoni, Kampala, 2006. Nyumba ile ya vyumba vinne, choo cha nje, na mama mwenye nyumba aliyekuwa akihesabu balbu kila mwisho wa mwezi. Tulielewana kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwa na kingine: mimi wa Busia, Injinia wa Mwanza, Bunia tuliyemwita kwa jina la mji wake, na Afande wa Arua, ambaye hakuwa askari ila baba yake alikuwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini hasa. Majirani walituogopa mwanzoni. Kampala ya siku zile, mtu akisikia Kiswahili nje usiku alifunga mlango kwanza, ndipo akauliza kama ni askari au ni mwizi.

Wazo la kuunganisha kompyuta zetu lilikuwa la Injinia. Intaneti haikuwemo kwenye mpango. Intaneti ilikuwa kwenye vibanda vya mtaa wa Wandegeya, kwa dakika, polepole, kupitia setilaiti, maana SEACOM, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, ilikuwa bado miaka 3 kufika pwani. Sisi tulitaka printa moja itumiwe na wote, mitihani ya miaka ya nyuma ikae mahali pamoja, na tuweze kupigana vita vya kwenye skrini kila mtu akiwa chumbani kwake. Tukachanga. Tukanunua swichi ya matundu 8, kile kisanduku cha kuunganishia kompyuta, kebo, mfuko wa vile vichwa vya plastiki, na koleo la kubania tukaliazima kwa sharti kwamba Jumatatu asubuhi liwe limerudi.

Umeme nao ulikuwa wa zamu. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka, mabwawa ya Jinja yanazalisha kidogo, basi leo mnao nyinyi, kesho wanao wenzenu. Kazi ya kubana tukaifanya kwa mshumaa, Ijumaa usiku.

Ndani ya kebo mna nyaya 8, zimesokotwa mbili mbili. Unazifumua, unazinyoosha, unazipanga kwa rangi, unazisukuma kichwani, unabana. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Injinia aliikariri kama sala. Tukagawana: yeye abane ncha za vyumbani, mimi za upande wa swichi. Kebo ya chumbani kwake alisema ataibana mwenyewe pande zote mbili, kwa sababu mikono yangu, alisema, ni ya kulimia.

Umeme ulipokuja Jumamosi, kwenye swichi taa iliwaka moja tu. Ya kwake.

"Mnaona?" akasema.

Tukakata, tukabana upya. Taa ile ile moja. Tukakata tena. Vichwa vinakwisha, koleo lina mwenyewe, na mimi kila mara ndiye mkosaji. Jumapili adhuhuri nikabeba kebo zote nikakaa nazo barazani, juani, kichwa kimoja kimoja. Za kwangu sawa. Nikachukua ncha aliyobana yeye. Penye kijani pana kahawia, penye kahawia pana kijani. Nyingine vilevile. Nikaenda kung'oa ile ya chumbani kwake: pande zote mbili kakosea kwa namna moja! Ndiyo maana ilikubali. Umeme haujui rangi, mradi ulipoingilia ndipo utokee.

Hapo ningeweza kumwita kando. Nimelifikiria hilo zaidi ya mara moja kwa miaka yote hii. Badala yake nikamwita mbele ya wote, Bunia akiwa na taulo begani, Afande anapiga mswaki, nikashika nyaya mbili zilizomenywa, nikamwonyesha.

"Injinia, nisomee rangi."

Akaanza: "Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani..."

"Sikukuuliza sala. Hizi mbili. Hii ipi, na hii ipi?"

Akaziangalia. Akazisogeza karibu na uso, akazigeuza upande wa jua. Mama mmoja uani akaacha kufua. Nakumbuka jasho lililomtoka juu ya mdomo, na jinsi alivyonitazama mimi badala ya nyaya, kana kwamba jibu limeandikwa usoni pangu. Kisha akataja. Kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Akakosea zote mbili.

"Kumbe wewe iko kipofu ya rangi!" Afande akapasuka, povu la dawa ya meno likimtoka. Bunia akacheka. Nami nikacheka, nadhani kuliko wote, maana nilikuwa nimetukanwa siku mbili nzima.

Injinia hakusema neno. Akaweka koleo chini taratibu, akatoka. Akarudi baada ya nusu saa na rolex 4, zile chapati za kuviringishia mayai, moto bado, akatugawia. Tukala. Hakuna aliyelitaja.

Usiku ule ulikuwa zamu yetu ya giza. Nilipoamka kwenda haja nikasikia mlio wa koleo. Mlango wake ulikuwa wazi, na mshumaa hakuwasha. Amekaa sakafuni, kebo iko kati ya kidole gumba na cha shahada, anaivuta taratibu, midomo inachezacheza. Nilidhani anasali kweli. Alikuwa anahesabu. Miguuni pake niliikanyaga ncha moja ya zile nilizobana mimi, ameifumua awe na ya kufananishia.

"Kijani wameisokota ikakaza," akasema bila kugeuka. "Kahawia imelegea."

Nikasimama kidogo. Nikaenda haja. Nikarudi kulala.

Umeme uliporudi, taa zikawaka zote 4, na koleo likawa limesharudishwa kwa wenyewe.

Yaliyofuata mnayajua. Tuligombania printa, Bunia alifuta mitihani yote kwa bahati mbaya, na mwaka uliofuata, mji ukipakwa rangi kuusubiri mkutano wa Jumuiya ya Madola, kodi ikapanda tukatawanyika. Dada yake nilimwona siku ya mahafali yake Makerere. Mambo ya barazani hayakuwahi kuzungumzwa, hata kwenye posa.

Wanasema hali hii hushuka kwa upande wa mama. Mke wangu hajalisema hilo. Alichosema baada ya kile kisu kuanza tena ni, "Mpigie mjomba wake."

Nikapiga. Salamu, habari za Mwanza, bei ya samaki. Nikamweleza ule mgomba. Kimya. Nikaanza, "Shem, siku ile Kikoni..."

"Hizo krayoni zake," akanikata, "zina karatasi yenye jina la rangi?"

"Zina."

"Na kusoma anajua?"

"Anajua."

"Basi mwambie asome. Asiulize mtu."

Nikaenda mezani kuangalia kile kikopo cha krayoni. Zote alikuwa amezimenya.