Nyumba ya Kiponda: nilivyoiuza bila kuitia tailizi

Dalali wa kwanza hakupanda hata ngazi. Alikaa barazani, akatazama ukuta uliobanduka, akasema, "Milioni tisini, dada, na hapo nimekuhurumia." Nyumba ya marehemu baba, ghorofa moja, mlango wa nakshi, katikati ya Mji Mkongwe wa Zanzibar! Nilimpa maji ya kunywa akaenda zake.

Tuko wanne: kaka wawili, mmoja yuko Maskati, na sisi wanawake wawili. Kaka wa Maskati alitaka tailizi juu na chini na dari ya jipsamu yenye vitaa. Dada alitaka rangi tu. Mwenye akiba nilikuwa mimi, kwa hiyo kazi ikaniangukia, kwa sharti kwamba gharama zangu zitolewe kwanza kabla ya kugawana. Hilo tuliliandika tukatia saini sote. Ndugu ni ndugu, lakini fedha ina usahaulifu wake.

Nilianza kwa kosa. Februari 2021 nilimchukua fundi muashi wa nyumba za matofali, akabandua lipu ya zamani ukumbini akapiga saruji, laini kama kioo, na rangi ya mafuta juu yake. Nilifurahi mpaka masika yalipokuja. Mwezi wa Aprili ukuta ulitoa malengelenge, chumvi nyeupe ikachomoza, na chini ya ngazi vipande vikaanza kuanguka vyenyewe.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa chokaa. Alipitisha kiganja ukutani, akacheka. "Mwanangu, mmemvisha bibi koti la mvua, kisha mnashangaa anatoka jasho." Akanifahamisha: kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiziba kwa saruji, maji hupanda juu zaidi na kwenda kutafuta pengine pa kutokea. Mara nyingi huishia kwenye ncha za boriti za mkoko zilizomo ukutani, nazo zikioza, dari inakuja chini. Niliposikia hivyo nilikumbuka Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, lilivyoporomoka upande mmoja Disemba 2020. Tangu siku ile, kila anayetaka kununua nyumba Mji Mkongwe huanza kwa kutazama juu.

Basi tukaanza upya, na safari hii tukaanzia paani. Bati lililotoboka lilibadilishwa, na mfereji wa paa uliokuwa ukimwaga maji ukutani tukaurefusha mpaka uchochoroni. Boriti tano zilikuwa zimeoza ncha. Tuliomba kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, tukangoja, tukazibadilisha. Saruji yangu yote ikachimbuliwa (niliilipia kuwekwa, nikailipia kutolewa), na kuta zikaachwa uchi zikauke. Jirani mmoja aliniuliza kama fedha zimekwisha. Kaskazi lilipoanza kuvuma, mzee akaja na chokaa aliyoiloweka shimoni kwa wiki kadhaa, akaipiga tabaka kwa tabaka, kisha tukapaka chokaa nyeupe. Tulitengeneza baraza, tukaweka tangi la maji la lita 1,000 na nyaya mpya za umeme.

Mlango nusura uniponyoke. Alikuja mtu akasema atanunua mlango tu na kutuwekea mpya. Fedha aliyotaja ilinitia tamaa, sitosema uongo. Lakini mlango ule ndio watu huuona kabla ya kitu kingine chochote, na bila ule mfaa wenye nakshi, ubao wa katikati ya mlango, nyumba ingebaki ukuta mweupe kama kuta nyingine. Tuliusugua kwa brashi, tukaupaka mafuta, basi.

Kazi iliyonichosha kuliko zote haikuwa ya fundi. Hati ilikuwa bado na jina la baba, aliyefariki 2019. Mnunuzi mwenye fedha haweki mkono wake kwenye nyumba ambayo kesho atatokea mrithi kusema hakuulizwa. Tulikwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kushughulikia mirathi, na kaka wa Maskati akatuma uwakala wake. Tailizi za ndotoni mwake alizisahau hapohapo.

Mnunuzi alikuja Agosti 2022, mfanyabiashara kutoka Wete. Alipanda juu na tochi, akagonga boriti moja moja, akashika ukuta chini ya ngazi. Kisha akauliza, "Warithi wangapi?" Nikamwekea karatasi mezani. Hakuuliza tena kuhusu warithi. Tulivutana bei siku tatu, tukafungia milioni 138. Milioni tisa zilikuwa zangu za matengenezo, zikiwamo zile za saruji niliyoibomoa, na tatu zikaenda kwa dalali, wa pili huyo, si yule wa barazani. Zikabaki 126, tukagawana kwa mirathi ya Kiislamu: kaka kila mmoja 42, mimi na dada 21 kila mmoja.

Juzi nilipita Kiponda. Mlangoni hamali alikuwa akiteremsha maboksi ya tailizi.